Mitaa ya Dodoma ilianzia kwenye karatasi

Ukikaa Dar au Mwanza unazoea kwamba watu ndo wanatangulia, wanajenga wanavyojua, halafu miaka mingi baadaye serikali inakuja na ramani, tingatinga na kelele. Huku kwetu sehemu kubwa ya mji ilikuwa kinyume, ramani ilitangulia, bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, zikapigwa porini, halafu watu wakasubiriwa. Na walisubiriwa kweli! Kwa hiyo mtu akiniambia Dodoma imeota ghafla baada ya 2016 huwa nacheka tu, maana kuna viwanja vilipimwa kabla mimi sijazaliwa.

Mji wa zamani hauna maajabu sana. Mjerumani alipitisha reli yake hapa ikielekea Tabora, akaweka stesheni, na kuzunguka stesheni yakatokea yale yale ya miji yote ya kikoloni, Mzungu Uzunguni, duka la Mhindi Uhindini, Mwafrika Majengo. Basi.

Utamu unaanza 1973, TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoamua makao makuu yatoke Dar yaje Dodoma ndani ya miaka 10. Mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na 1976 ikatoka masta plani iliyochorwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates ya Toronto. Sasa hii masta plani watu wengi wanaitaja bila kujua ilikuwa inataka nini. Haikutaka mji wa maghorofa marefu wala mji wa magari, ilitaka mtu atembee kwa miguu kwenda sokoni na shule, na akienda mbali apande basi lenye njia yake peke yake, yaani mwendokasi kabla hata neno lenyewe halijasikika, na msingi wa mtaa ukawa zile nyumba kumi za balozi wa chama, zimekaa pamoja, ukizijumlisha na nyumba kumi nyingine na nyingine unapata mtaa wenye shule na maduka yake, na nafasi ya watu kulima lima. Ujamaa uliochorwa kwa rula.

Hela sasa. Vita ya Kagera ikaja, uchumi wa miaka ya 80 wote tunajua ulivyokuwa, wizara zikabaki Dar na hiyo miaka 10 ikapita. Baba mkubwa wangu alipata kiwanja mtaa wa Kikuyu hapa mjini enzi hizo, anasema ukijenga unakuwa na jirani mmoja huku, pori huku, na usiku fisi wanalia kama wamelipwa. Na kiwanja chenyewe si chako moja kwa moja, CDA ndo alikuwa mwenye ardhi ya mji mzima, wewe unapewa lizi, yaani unakodishwa, ya miaka 33, na ramani ya nyumba lazima wao waipitishe. Mtu unajenga huku unahesabu miaka iliyobaki, hebu fikiria.

Ila tusijidanganye kwamba mji wote ulifuata rula. Kiwanja kilichopimwa kilihitaji pesa na kujuana na uvumilivu wa kufuatilia faili, na fundi au mama ntilie hana hivyo vyote, kwa hiyo wakajijengea Chang'ombe na sehemu nyingine ambazo wakubwa waliziita uvamizi. Na kuna Wagogo ambao mji uliwafuata shambani, babu zao walilima uwele na mtama hapohapo, wanaamka wanaambiwa wako ndani ya eneo la makao makuu na wao ndo wavamizi! Mi hili sijawahi kulielewa mpaka leo, bomoabomoa zilizoumiza watu zilianzia kwenye hilo.

Bahati ikaja taratibu. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ikaanza 2007 kule Chimwaga, wanafunzi wakahitaji vyumba, wenye mapagale wakakumbuka kuezeka. Halafu Julai 2016 Magufuli akatangaza serikali inahamia kweli, Mei 2017 akaivunja CDA baada ya malalamiko ya wananchi kuwa mengi, kazi zake zikaenda manispaa na hati zikaanza kutolewa za miaka 99. Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179, hapo ndo utajua kwa nini dalali wa Nzuguni anaongea kwa dharau.

Sasa mji unakimbilia mashariki, Ipagala, Ilazo, Nzuguni, Ihumwa, mpaka Mtumba kwenye Mji wa Serikali uliozinduliwa 2019. Angalizo kwa wageni: Chamwino ya mjini ni kata ya hapahapa, Chamwino ya Ikulu iko mbali kabisa barabara ya Dar, unaipita Mtumba ndo unaifuata. Usikubaliane bei na bodaboda kabla hamjaelewana ni ipi.

Maghorofa mimi hayanisumbui, mji mkuu lazima uwe nayo. Kinachoniuma ni njia za miguu. Mitaa ya zamani iliyopimwa kuna vichochoro kati ya nyumba vinakutoa barabara moja mpaka nyingine bila kukutana na gari, watoto wanapita humo kwenda shule. Mitaa mipya unakuta ukuta, geti, ukuta, geti, unazunguka mtaa mzima juani na vumbi la Agosti kufika duka ambalo bati lake unaliona. Na hata kule zamani watu wameanza kuviziba, mmoja anasogeza ukuta kidogo, mwenzake naye anasogeza, kesho hakuna pa kupita na mwenyekiti wa mtaa anasema hajaona kitu.

Mliokulia Kikuyu na Area C, hebu niambieni kwenu vichochoro bado viko wazi au navyo vimeshapigwa tofali? Na kama kuna mtaa mmefanikiwa kumvunjia mtu ukuta na njia ikarudi, nielezeni mlianzia ofisi gani.