Kufuli Tatu

Alhamisi usiku, Uyole, Mbeya. Wote wameshaondoka, mkeka bado uko chini na glasi za chai sijazigusa. Acha niandike kabla sijalala.

Jumatatu tulianza. Watu 11 sebuleni kwangu, viti sita vya kuazima, na baridi ya Juni inayopenya chini ya mlango. Mafunzo yenyewe ni ya kujibadilisha, wiki 12. Kuanzia wiki ya pili tutakutana mara moja kwa wiki, kila mtu na jambo moja dogo alilochagua kulibadilisha katika maisha yake. Nimeshayajaribu peke yangu mara mbili na zote mbili niliishia wiki ya nne. Hakuna aliyejua kuwa nimeanza, basi hakuna aliyeniuliza mbona nimeacha.

Kuwapata hao 11 kumenichukua miezi mitatu. Nikisema "mafunzo", mmoja anauliza kama kuna posho, mwingine anauliza ni kanisa gani. Mama anayeuza viazi pale njia panda, magari ya Tukuyu yanapokata kona, alinisikiliza hadi mwisho huku akijaza sado. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi maisha yameshanibadilisha. Wewe unataka kunibadilisha nini tena?" Sikuwa na jibu. Nililala nalo lile swali, kesho yake nikamrudia. Nikamwambia mama, anayeshindwa ni mimi, natafuta watu wa kunishika mkono. Akajifunga kitenge vizuri, akauliza, "Saa ngapi?"

Tangu siku hiyo niliacha kutangaza mafunzo, nikawa naomba msaada. Watu wakaja.

Shida ikawa madaftari. Wiki ya kwanza ni ya kuandika, na fundi cherehani aliuliza walichokuwa wanakiwaza wengi: "Nikiandika ya moyoni, nyumbani wakasoma?" Mama wa viazi ndiye aliyelimaliza. Alituletea sanduku la chuma la kikoba chao, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ambacho kiligawana akiba mwaka jana na hakijaanza tena. Rangi ya bluu imechubuka kwenye pembe, na mbele kuna sehemu tatu za kufuli. Wenye vikoba mnajua: funguo tatu, watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Utaratibu huu wa akiba ulianzia Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Wao walilinda fedha. Sisi tumefungia madaftari 11 ya kurasa 48. Ufunguo mmoja alishika mama wa viazi, wa pili mwalimu mstaafu, wa tatu kijana wa bodaboda.

Zoezi lenyewe linatokana na jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, lililochapishwa mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida, wengine jambo lililowaumiza kuliko yote na jinsi walivyojisikia. Miezi iliyofuata, hao wa pili walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi. Hayo niliwaeleza Jumatatu kwa furaha. Kuna kipande nilikiruka: siku zenyewe za kuandika, walioandika maumivu yao walitoka na huzuni zaidi ya wenzao. Nilikijua. Nilinyamaza nisiwatishe.

Jumatano saa 12 jioni kijana wa bodaboda hakutokea. Simu haipatikani. Tukakaa nusu saa tunalitazama sanduku. Mwalimu akapendekeza tuikate ile kufuli moja, tutanunua nyingine. Mama wa viazi akasema, "Kufuli haivunjwi. Mtu anafuatwa."

Tukaenda, watu watano na tochi za simu, matope ya mvua isiyo ya msimu hadi vifundoni. Tulimkuta kakaa kwenye kizingiti, pikipiki ndani, koti hajavua. Alimwamkia mwalimu, akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Shikeni. Niliyoyaandika jana sijalala nayo. Nilidhani nina matatizo ya akili."

Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia kile kipande nilichokiruka, na kwamba nilipaswa kumwambia Jumatatu. Nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Nikamwambia pia halazimiki kuliandika tena jambo lile, anaweza kuandika la kawaida tu, au asiandike kabisa. Alinitazama muda mrefu. "Kwa hiyo ni kawaida, dada?" Nikamjibu hata mimi Jumanne nililia jikoni.

Ufunguo hatukuuchukua. Mama wa viazi alimkunjia vidole juu yake, akamwambia chai bado ipo. Hakuja usiku ule, na sisi wengine hatukuandika. Tulirudi tukanywa chai ya Tukuyu na magimbi yaliyopoa, tukaongea hadi saa 3. Lile nililowaficha niliwarudia wote, mmoja baada ya mwingine.

Leo amefika wa kwanza, ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Kufuli zikafunguka zote tatu. Dakika 15 zilipoisha, aliinua mkono bila kuacha kuandika, akaomba tano nyingine. Tulimsubiri sote kimya, madaftari yetu yameshaingia sandukuni.