Ndiyo maana anahesabu ndege

Maneno yenyewe ni haya, msije mkadhani naongeza chumvi: "Huyu hajaolewa, ndiyo maana anahesabu ndege."

Aliyeyasema ni shangazi, kule juu Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara Mashariki, Jumamosi ile asubuhi, mbele ya mwongoza wageni ambaye hata jasho la kupandia lilikuwa halijatukauka tangu tusalimiane naye. Na wala hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua pa kuyaweka. Alisema kwa sauti ileile anayomwambia muuza samaki kwamba mtoto huyu pweza hali, huku anakung'uta vumbi kwenye makubadhi yake. Mimi nimesimama, darubini shingoni, daftari mkononi, kalamu mdomoni. Hata pa kuficha ushahidi sikuwa napo.

Yule kaka hakucheka. Alimtazama shangazi kwa adabu zote, akasema, "Mama, mimi nina wake wawili, na nawahesabu vilevile."

Ndege au wake, mpaka leo sijui. Shangazi alicheka mpaka akashika mti. Nami nilicheka, tena sana, na ni baada ya kicheko ndipo jambo lenyewe likaanza kuniwasha. Maana nimejibiwa. Kisu kimenichoma mimi, aliyekichomoa ni mtu baki, na kazi yangu ikawa kushukuru. Tangu siku hiyo najibu peke yangu. Najibu nikiosha vyombo, najibu kwenye daladala ya Raskazone, najibu ofisini juu ya makaratasi ya mizigo ya watu. "Shangazi, nahesabu hawa kwa sababu hawaniulizi." Hilo halikai vizuri. "Shangazi, na walioolewa wanahesabu nini?" Hilo lina ujeuri, na Mama angelisikia kabla hatujafika Muheza. Jumatatu usiku likanijia moja kali kuliko yote, likakaa sawasawa kama kifungo kwenye tundu lake: "Na wewe uliyeolewa, wako ulimhesabu mpaka wapi?"

Nitalirudia hilo baadaye.

Mtauliza shangazi alifuata nini msituni. Iliki. Wote mnajua kwamba Ijumaa hii mdogo wangu ameoa, na mnamjua shangazi: pilau ya harusi ya mtoto wa kaka yake haiwezi kupikwa kwa iliki ya dukani iliyokwisha harufu. Iliki inatoka milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki, kwa wakulima wa kule kule, na mdalasini na pilipili manga. Aliposikia nimekodi gari na wenzangu wawili, kufumba na kufumbua yuko kiti cha mbele, na kikapu. (Harusi imepita salama, ofisini tumeletewa bosi mpya na meza zimehamishwa, mashine ya maji imeungua; hayo siku nyingine.)

Kwa wale wanaoniuliza kila mara kama Amani kuna simba: hakuna. Si hifadhi ya taifa kama Saadani. Ni hifadhi ya mazingira asilia, tangu 1997, hekta zaidi ya 8,000 za msitu unaoanza chini kwenye joto la Sigi na kupanda mpaka kwenye ukungu na mashamba ya chai. Unakwenda kwa miguu, unanyamaza, unaumia shingo. Chozi wa Amani, ndege ambaye jina lake mahali hapa ndipo lilipotoka, ni kadogo mno na anapenda vilele vya miti mirefu. Tulimwona kwa sekunde za kugombania darubini. Kuna na kijindege kingine cha kijivu, chenye mdomo mrefu, ambacho duniani kote kinajulikana kwenye milima hii na kwenye uwanda wa Njesi huko Msumbiji, basi. Hupenda kujificha kwenye mitambaazi, pembezoni mwa msitu. Sauti ilitoka mbele yetu kabisa, karibu ya kuguswa, na mwenye sauti hakuonekana. Wenzangu waliandika "amesikika" wakaridhika. Mimi nilikuwa bado kwenye sentensi ya shangazi.

Aliyekuwa na macho siku ile ni yeye. Ndege wa kijani, mkubwa, mwenye kishungi, amekaa kimya juu ya mti wa matunda, sisi wenye vifaa tunatafuta kushoto, yeye na kanga yake kichwani anasema, "Huyo hapo. Mbona ndani mwekundu?" Kweli, aliporuka mabawa yakawaka. Mwongozaji akaeleza kwamba wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, haswa shaba.

"Shaba ya sufuria?"

"Hiyohiyo, mama."

"Mungu mkubwa," akasema shangazi, na kuanzia hapo akawa anatembea mbele.

Halafu wakaja hondohondo. Hawa huwasikii kwa mlio kwanza, unawasikia kwa mabawa, hewa inachanika juu ya miti. Shangazi aligeuka nyuma kupisha gari. Walipita wanne, wakubwa, weusi, na yale mapembe juu ya midomo. Mwongozaji akatupeleka kwenye mti mmoja mnene, akatuonyesha tundu juu kabisa, akasema jike huingia humo kutaga, na mlango huzibwa kwa udongo ukabaki ufa tu. Anakaa ndani miezi. Chakula chote analetewa na dume, anayacheua matunda moja moja na kumpitishia kwenye ule ufa. Akasema tena kwamba haya yalichunguzwa hapahapa Amani zamani za Waingereza, na Reginald Moreau aliyekuja kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha hapo 1928, yeye na mkewe Winifred, wakayachapisha 1941. Dume mmoja alikadiriwa kupeleka matunda 24,000, safari kama 1,600, kwa siku 120 za kulea.

Nilifurahi jamani, kwa furaha mbaya. Mke wa mtu, mwenye ndoa yake, amesimama chini ya miti hii hii anahesabu ndege! Jibu limeniangukia lenyewe, tena limechapishwa. Nikageuka kumtazama shangazi nimpe.

Yeye alikuwa bado anaangalia lile tundu. Akamwuliza yule kaka, polepole, "Na jike akitoka, anamkuta?"

"Nani, mama?"

"Huyo wa matunda. Anamkuta bado yupo?"

"Kwa kawaida anamkuta. Hawa hukaa wawili."

"Haya," akasema shangazi. "Twende kwenye iliki."

Mliosoma hapa siku nyingi mnaijua habari ya mume wake: meli, Mombasa, barua mbili, kisha kimya. Mimi nimezaliwa habari hiyo imeshapoa, nyumbani husimuliwa kama habari ya mtu wa mtaa mwingine. Kwa hiyo lile jibu langu kali la Jumatatu usiku nililitunga nikiwa nimeshamsikia akiuliza vile, na hilo ndilo linalonishangaza: maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamenyooka, wala sikuyaita. Sina haja nayo tena. Lakini msinielewe vibaya, sikulainika kama uji. Sentensi yake bado inaniuma pale pale. Kwamba mtu ana kidonda chake hakumpi ruhusa ya kunitangaza mimi kwa mwongoza wageni.

Ila sikilizeni hili. Ijumaa, kwenye harusi, tumekaa jamvini na wanawake wa upande wa bibi harusi, shangazi akanishika bega. "Huyu mwanangu," akawaambia, "anahesabu ndege." Basi, akakomea hapo. Ile nusu ya kwanza hakuitoa. Mama mmoja akauliza wa nini, ndege wenyewe wa kufugwa? Shangazi akamjibu, "Muulize mwenyewe, anajua." Wakanigeukia wote. Na mimi, niliyefanya mazoezi wiki nzima mbele ya karo la vyombo, nina pilau mdomoni, imejaa, na kidonge kizima cha iliki nimekitafuna kwa bahati mbaya. Nikatikisa kichwa tu. Wakaona huyu bubu.

Pilau ilikuwa nzuri sana, hilo nalo liandikwe.

Baba mguu wa kushoto umevimba tena. Nimeuona leo alipokuwa anatawadha. Nimebonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki kinanitazama. Anasema ni viatu vya harusi vilimbana. Viatu alivaa viwili, mguu uliovimba ni mmoja. Nimemwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya Bombo, kaniambia kesho kuna mtu anakuja kumlipa hela ya mabati, hawezi kutoka.