Upande wa Pili wa Santuri

Leo asubuhi mwanangu amesafisha kidonda chake kwa spiriti, na harufu ile ikanirudisha Armidale, Australia, Septemba 2003, jikoni kwa yule mzee niliyepanga kwake chumba.

Slim Dusty, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa country wa huko, alikuwa amefariki Ijumaa ya tarehe 19, na redio zilishinda zikipiga nyimbo zake. Mzee alikuwa dereva wa malori mstaafu, kwa hiyo msiba ule ulikuwa wa kwake. Alikuwa na kanda tele za huyo bwana, na aliyoichakaza kuliko zote ni ile yenye "Lights on the Hill", wimbo wa dereva anayepofushwa na taa usiku wa mvua. Uliandikwa na Joy McKean, mke wa Slim, na ndio uliopata tuzo ya kwanza kabisa ya Golden Guitar, ya muziki wa country, kule Tamworth mwaka 1973.

Jioni ile hakutaka kanda. Alitoa uvunguni bahasha ya karatasi iliyolika kingo, ndani yake santuri ya 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika: "A Pub with No Beer", ya mwaka 1957. Mkono wa pili alishika pamba na chupa ya spiriti. Nikamdaka mkono.

"Ngoja, mzee! Hiyo si plastiki."

Santuri za 78 ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti huiyeyusha. Pamba inatoka nyeusi, ukidhani umetoa uchafu, kumbe umeondoka na sauti. Hilo nililijua kwa mjomba wangu wa Ng'ambo, Unguja, aliyetunza santuri za taarabu. Hata sauti ya Siti binti Saad, iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, imehifadhiwa kwenye shelaki hiyohiyo.

Basi tukaiosha kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, nusu lita na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Brashi laini ifuate mzunguko wa mifereji, isikate katikati. Karatasi ya jina isilowe, maana hubanduka. Ukimaliza suuza kwa maji matupu, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha isimamishe kwa ukingo mbali na joto. Ukiiweka karibu na jiko itajikunja na haitanyooka tena.

Lingine ni sindano. Kichwa cha mashine yake ya santuri kilikuwa na kiswichi cha kugeuza sindano, na miaka yote kilikaa upande wa LP, santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Ncha ya sindano ya LP ina kipenyo cha nusu ya ile ya 78, au pungufu. Kwenye mfereji mpana wa 78 inazama hadi chini kwenye taka, ndipo unasikia mkwaruzo kuliko mwimbaji. Nikageuza.

Ilianza na mlio kama vitumbua vinavyokaangwa, kisha gitaa, mapigo matatu matatu ya taratibu, na ile sauti. Haina madoido. Anaimba kama jirani aliyepita kukupa habari: bia imekwisha, watu wamekaa tu, mhunzi leo amerudi kwa mkewe akiwa na akili zake timamu. Mzee alisimama ameshika mgongo wa kiti, midomo ikifuata kila neno bila kutoa sauti. Dakika tatu hivi. Ilipokwisha akarudisha sindano mwanzo. Mara nne.

Katikati alinisimulia: mtoto wa wafuga ng'ombe wa maziwa karibu na Kempsey, David Gordon Kirkpatrick, aliyejipa jina la Slim Dusty akiwa na miaka 11. Kuanzia 1954 yeye na Joy wakazunguka nchi nzima, wakiimba kwenye kumbi za vijiji ambako mwanamuziki mwingine hafiki. Mwaka 2000 alitoa albamu ya 100, na mwaka huohuo akafunga Olimpiki ya Sydney kwa "Waltzing Matilda".

Kila mzunguko wa sindano hula kidogo ukuta wa mfereji. Nilikuwa naona wazi mng'aro umekwisha, upande wote kijivu kama jivu la mkaa, kazi ya sindano za chuma za gramafoni za zamani. Sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kusema.

Kisha akaigeuza. Wimbo ule tuliousikia, ambao Gordon Parsons aliutunga kutokana na shairi la Dan Sheahan, ndio uliokwenda hadi nafasi ya tatu Uingereza mwaka 1959, lakini walioutoa waliuweka nyuma. Mbele, kwenye upande waliotegemea uuze, ni "Saddle Boy".

Upande ule ulikuwa mweusi tii, unang'aa, taa ya jikoni inaonekana ndani yake. Nikamuuliza kama tuupige. Akautazama kidogo, akafuta alama ya kidole ukingoni kwa shati lake, akairudisha santuri kwenye bahasha.