Pweza wa miguu saba

Jana mtoto wa dada, huyu niliyeletewa likizo, kasimama mbele ya friji anamhesabu kwa kidole pweza wa uzi aliyekaa juu yake, kisha kanigeukia. "Mamdogo, huyu pweza mbona ana miguu saba?" Nikamwambia wa nane tumeshautia nazi. Kacheka, kakimbilia nje kucheza, mie nikabaki na mwiko mkononi nauwaza ule mwaka wa pweza, maana kwenye ukurasa huu nimeshaweka ile picha ya Bibi na sindano yake lakini kisa chenyewe sijakimaliza hata siku moja.

Wakati ule vitopu vyangu vya kroshia, vya kuogelea, vilikuwa bado havijachanganya. Nafuma vitu vidogo tu, vishikio vya funguo, vikoba vya simu, hereni za uzi, kofia za jua, wikiendi nabeba mfuko naenda Raskazone, ufukweni hapa Tanga, kuwapitishia wadada wanaokuja kuogelea. Navipenda vidogo hadi leo kwa sababu unaanza baada ya swala ya laasiri na magharibi haijaingia umeshamaliza, una kitu mkononi. Gauni la kroshia linaweza kukutesa hadi ukalichukia. Nyumbani hapa barabara ya kumi na nne kila mtu anafuma, ukikaa vibaya barazani unapewa uzi ukunje, na vitambaa vya makochi vya Bibi vimetembea Ngamiani nzima na vingine viko Muscat huko kwa ndugu.

Sasa shoga yangu wa Chumbageni akaja na habari ya Denmark. Kwamba huko mwaka 2013 watu wa kujitolea walianza kufuma pweza wa pamba wanawapelekea watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali, mtoto akiwa amelala anaishika ile mikono ya pweza badala ya kuvuta mipira na nyaya alizowekewa, na wanasema mikono ile inamkumbusha kitovu alipokuwa tumboni. Utafiti wa kulithibitisha hilo ni haba, hilo alilisema mwenyewe, lakini wazo likatuingia. Na masharti yake si mchezo: uzi wa pamba tupu, uweze kufuliwa kwa maji ya nyuzi 60, mkono wa pweza ukiuvuta usizidi sentimita 22 usije ukamzunguka mtoto shingoni. Siku ya watoto njiti duniani ni tarehe 17 Novemba, tukasema hiyo hiyo ndo tunapeleka.

Bibi alipoambiwa aliweka miwani chini.

"Pweza? Kwa mtoto mchanga?"

"Ndio Bibi, wa uzi."

"We mtoto, pweza ni supu ya wanaume, jioni wamejipanga pale kona na vijiti, leo mwataka kumpa malaika wa Mungu."

Baraza zima likaangua kicheko na kazi ikalala siku ile. Lakini Bibi mtu wa Kigombe, amekulia kwenye mwamba, maji ya bamvua yakitoka wanawake wanashuka na vijiti vyao kutafuta pweza mashimoni, pweza anamjua kuliko anavyonijua mie. Alipokubali kufuma akafuma wake kwa kichwa, karatasi ya maelezo hakuitazama. Ile mikono inayojikunja kama springi ya kalamu alituonyesha yeye, unafuma mnyororo, kisha unarudi unachoma kila tundu mara mbili, nafasi haitoshi basi uzi wenyewe unajisokota. Sindano yake ni spoku ya baiskeli, marehemu babu alimchongea kwa tupa, nyembamba, inabana sana, na pweza anataka kubanwa maana ukiacha matundu makubwa cha kujazia kinachungulia nje.

Kwenye kujaza ndo tuligombana kweli. Bibi alitaka sufi. Anatoa mto wake anauchana, sufi ya msufi wa shambani, laini, kwa nini tununue? Tukamwambia sufi haifuliki Bibi, ikilowa inashikana mabonge na haikauki ndani. Akanuna. Tukanunua mito ya mtumba yenye nyuzinyuzi za plastiki, tukaifua, tukaianika, tukaichambua, uzi wa pamba nao tukautafuta mjini hadi miguu ikauma kwa sababu madukani kumejaa akriliki. Ndo maana pweza wa Bibi alipofika mkono wa saba uzi ukakata. Ule wa kijani ulikuwa mmoja tu. Nikamwambia tumalizie na njano, akasema pweza hukatika mkono akiponyoka na ukaota mwingine, muacheni utaota akiwa kazini.

Na kofia. Kofia ziliingia kwa kuwa mabaki ya uzi yalikuwa mengi, hakuna aliyezifikiria sana. Tulimuuliza mama mmoja mkunga mstaafu jirani kichwa cha njiti kina ukubwa gani, akatazama huku na huku, akanyoosha mkono kwenye kapu, akatoa chungwa la Muheza. "Hili kubwa hili. Na wengine dogo ya hapa." Tukawa tunafuma tunavisha machungwa, safu nzima ya machungwa yamevaa kofia barazani, wapita njia wanauliza kuna harusi gani.

Siku yenyewe naikumbuka vipande vipande, hospitali gani si muhimu, ila ule mlango naukumbuka. Tulikuwa wawili, mie na shoga, tumevaa kanga za sare na mabasketi mawili, la pweza juu limepambwa utepe na la kofia tumelisukumia nyuma. Sista wa wodi akatoka, mwembamba, ana rula mfukoni, sijawahi kuona nesi na rula. Shikamoo, marahaba, karibuni. Akamtoa pweza wa kwanza kwenye basketi, wa Bibi huyo wa kijani, akamgeuza. Akavuta mkono mmoja akaulaza kwenye rula. Akavuta wa pili. Hasemi kitu. Anapima yote saba, moja moja, taratibu, kidole gumba chake kinasugua kwenye mshono kinatafuta kama kuna uzi unaochomoza, na mie natazama kile kidole huku jasho linanitoka mgongoni, Novemba ya Tanga mnaijua. Akambonyeza kichwa. Akamnusa.

"Nani kafuma huyu?"

"Bibi yangu."

"Mpe hongera. Kapima bila rula huyu, yote ishirini na moja." Kisha akamrudisha kwenye basketi. "Lakini ndani hawaingii."

Hakuwa mkali. Akatuambia pale pale mlangoni kwa sauti ya chini, watoto wanalala karibu karibu, doli la kujazwa likilowa maziwa au likianguka sakafuni likarudi kwa mtoto ni balaa, na nani atakayefua kwa maji ya moto kila siku na akaanike wapi. Halafu watoto wake wengi hawako kwenye mashine, wako vifuani mwa mama zao. Kangaruu. Mtoto uchi na nepi tu, ngozi kwa ngozi, kafungwa na kanga, mambo yaliyoanzia Bogotá huko Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za joto hazikutosha, yakawa mambo ya dunia nzima. "Mtoto wangu ameshika titi la mama yake, pweza wa nini?" Kisha akachungulia nyuma. "Hicho kikapu kingine kina nini?"

Kofia alizipindua zote nje ndani. Kila moja. Anazitazama ncha za uzi zilivyofichwa, akiikuta inayolegea anaivuta, ikitoka anaitupa pembeni, kwa sababu uzi ulionasa kidole cha kichanga unaweza kukizuia damu na mama asijue. Zile za matundumatundu ya maua, ambazo mie ndo nilizionea fahari, akaziweka kando pia, joto linatokea humo na kichwa cha mtoto mchanga ndo mlango wa joto. Nyingine zote akazikumbatia. "Hizi zikafuliwe kisha mniletee zote na nyingine kama hizi, kubana, bila ua."

Tungeishia hapo ingekuwa kisa kifupi. Ila alituruhusu kuchungulia, mikono tumeosha hadi viwiko, na mle ndani kulikuwa na akina mama wamekaa wima kwenye vitanda, vifua vimevimba kwa kanga, na ukitazama vizuri kwenye upindo unaona utosi. Mmoja wa Pangani, msichana hasa, akaona mkono wa pweza unaning'inia kwenye basketi mlangoni. "Jamani, mmeniletea supu? Mie mwenzenu nimeletwa huku na hiyo hiyo supu." Wodi ikacheka, cheko la kujibana, wanashika vifua watoto wasitikisike. Hata sista akageukia ukutani.

Kisha yule wa Pangani akaniita kwa kidole. Nikadhani anataka kofia. Akaniuliza, "Dada, una sindano ya ziada?" Ati wiki ya tatu sasa amekaa vile, mtoto kifuani mchana na usiku, mikono yote miwili iko huru na haina kazi, simu haina bando, mawazo yanamla. Mama yake alikuwa anafuma vitambaa, yeye shuleni alikimbia sayansikimu. Nilikuwa na sindano yangu moja kwenye mkoba, ya milimita tatu, na kipande cha uzi mweupe. Sista akaipangusa kwa spiriti, akasema mkono tu, usimkaribie mtoto nayo usoni. Nikamwonyesha mnyororo pale pale nimeinama juu ya utosi wa mwanawe, ambao ulikuwa unapumua, yaani ule utosi unapanda na kushuka kabisa, na mie kila nikiona unapanda mikono yangu inasimama yeye anauliza, "Haya, kisha?" Kisha unazungusha, unavuta. Haya, kisha? Sijui tulikaa muda gani. Mnyororo wake wa kwanza ulikuwa mbovu kwelikweli, umebana mwanzo umelegea mwisho, akaupima na mkono wa mtoto, akacheka peke yake.

Wa kitanda cha pili akasema na mie. Na wa dirishani.

Sindano hatukuwa nazo. Tukaenda kwa fundi baiskeli wa hapa mtaani, Tanga hii baiskeli ndo mguu wa mtu, tukamwomba spoku za zamani azikate azichonge ncha kama ile ya Bibi, akatuuliza hospitali ndo wanatibu baiskeli siku hizi? Lakini alichonga, akazisugua na msasa mpaka kucha ikipita haikwami. Pesa ya uzi wa pweza ikanunua uzi wao. Kuanzia hapo tulikuwa tunapita kila tukipata nafasi, kofia wakawa wanafuma wenyewe, sista anapindua nje ndani anatupa mbovu, wanamzomea.

Si wote waliotoka na watoto wao. Kitanda cha dirishani siku moja kilikuwa kimetandikwa upya na sindano iko kwenye dirisha, imechomwa kwenye kibunda cha uzi, kofia nusu. Sikuuliza. Shoga yangu aliichukua ile kofia akaimalizia, mie nilimwambia asiimalizie, tukakosana kidogo, mpaka leo hatujakubaliana nani alikuwa sahihi.

Pweza tuliwagawa kwa watoto wa mtaani kwetu wenye meno yao kamili, huyu wa Bibi ndo akabaki juu ya friji kwa sababu Bibi alimkataza kuondoka hadi mkono uote. Watu wakiniuliza kama ile ilikuwa sadaka nakosa jibu. Tulichokibeba kwa utepe hakikutakiwa, kilichotakiwa kilikuwa kwenye mkoba wangu na sikuwa nimepanga kukitoa. Na mie nilichokipata pale sikukitoa sadaka popote, maana kofia za kubana bila ua ndo zilinifundisha kukaza mkono, na vitopu vyangu vilivyoanza kununuliwa ni vya baada ya hapo. Kabla yake vilikuwa vinalegea bibie akiingia majini.

Yule wa Pangani mtoto wake ni mkubwa sasa, anakimbia, nimemuona kwenye picha kavaa kikoti cha kroshia chenye kola, kazi safi, mikono imelala sawa. Mama yake anauza Ushongo kwa wageni wa mahotelini, vitopu, vikaptula, mikoba yenye mshikio wa mkonge, na bei yake iko chini ya yangu, tena chini sana, mteja wangu mmoja wa Raskazone amenionyesha kwenye simu akaniuliza mbona wewe ghali. Mwenyewe kanitumia meseji juzi. "Shikamoo dada mwalimu wangu, ule uzi wa pamba mzuri huwa unauchukulia wapi kwa jumla?"

Tiki za bluu kashaziona. Sijamjibu bado, shoga yangu anasema nimpe namba ya duka mara moja niache roho mbaya, Bibi anasema nimpe baada ya Idi.