Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani, dagaa na vipimo vya sokoni Kigoma

Saa 11:30 alfajiri

Nawasha jiko la mkaa nje kungali giza totoro. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, na kwa kuwa saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, jua huku huchomoza mnamo saa 1. Chai ni ya rangi yenye tangawizi ya kuponda, kitafunwa ni mihogo ya kuchemsha na chumvi ya Uvinza. Watoto wanaipenda mihogo ikipasuka na kuwa ya unga. Mama watoto ni muuguzi, wiki hii ana zamu ya usiku, kwa hiyo jikoni ni mimi asubuhi na jioni. Kazi hiyo naipenda, na wanaume wenzangu wanaoiona ni ya wanawake wanakosa mengi.

Saa 12:45 asubuhi

Pikipiki kutoka Mwanga hadi Kibirizi. Mitumbwi iliyokesha ziwani ndiyo inarudi, taa bado ziko juu ya miti yake, na akina mama wa ndoo wameshajipanga ufukweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Leo usinisumbue na bei, baba. Mwezi umewaka."

Simsumbui. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye taa ya mvuvi, na wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Wachache wanaopatikana wanagombewa na sisi wa hapa pamoja na wachuuzi wanaopeleka mzigo Dar es Salaam na Kongo. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, upande huu wetu na wa majirani, tulikula maharage mpaka watoto wakaanza kuulizia migebuka, samaki wa ziwa letu, kama mtu anavyomuulizia ndugu aliyesafiri. Hata hivyo sikulalamika. Samaki lazima wazae. Bei inayopandishwa na mwezi au na ziwa kufungwa naielewa, na nailipa bila kununa.

Nachagua wenye macho maangavu na matumbo ambayo hayajapasuka. Dagaa aliyepasuka tumbo amelala tangu jana, hata akimwagiwa maji ang'ae vipi. Nawapitisha nyumbani, nawaosha maji matatu, nawatia chumvi na kuwaingiza kwenye friji.

Saa 2:30 asubuhi

Nafungua kibanda. Kazi ya leo ni sare za shule, magauni mawili ya harusi ya Jumamosi na suruali ya kupunguza kiuno. Siku nzima futi kamba iko shingoni. Mteja akileta kitenge anachoambiwa ni cha yadi 6, nakitandaza mezani na kukipima mbele yake kabla mkasi haujagusa. Kikitoka pungufu anarudi nacho dukani muda huo huo na anabadilishiwa, hakuna ugomvi, maana namba imeonekana na wote. Mimi mwenyewe nikikosea kiuno kwa inchi moja, nguo inarudi. Hivyo ndivyo ufundi unavyokwenda.

Saa 7:15 mchana

Ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, kwa mama ntilie wa pale pembeni. Nakula haraka, kuna mtu anasubiri gauni.

Saa 10 jioni

Sokoni. Nahitaji nyanya, vitunguu, mchele, mawese na mkaa, na vyote vitano kwa kawaida vinauzwa bila mizani.

Nyanya zinauzwa kwa fungu. Juu panakaa nne kubwa, nyekundu, zimefutwa zikang'aa. Ukiliinua fungu unakuta chini kuna ndogo za kijani na moja imelainika upande. Ukiomba ubadilishiwe hiyo iliyolainika unaambiwa, "Fundi, fungu halichambuliwi." Kwa nini lisichambuliwe? Hela yangu wanaichambua vizuri sana, noti ikiwa na mkunjo wanaigeuza mara mbili.

Mchele unapimwa kwa kisado. Nilikiinua nikakitazama kitakoni: kimebonyezwa kuelekea ndani kwa makusudi, na mbonyeo wenyewe ni wa kuenea ngumi. Muuzaji anamwaga mchele, anautengenezea kilele kwa kiganja, macho yako yanatua kwenye kile kilele na unaona umependelewa. Ule ujazo uliopotea chini hauuoni. Mkaa nao unapimwa kwenye kopo, juu vipande, chini chenga. Mawese yako kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji, na asubuhi yenye baridi yakiganda huwezi kujua kilichoko chini ni mafuta au ni maji yaliyoongezwa. Utajua ukishayaweka jikoni, yakianza kurukaruka na kuchoma mikono.

Kinachoniuma zaidi ni mkulima. Sheria ya Vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini huko shambani mnunuzi anafunga lumbesa, gunia linavishwa kofia ya kamba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mzigo huo huo ukifika mjini unamwagwa na kupimwa kwa kopo lililobonyea. Kwa hiyo mkulima anapunjwa kwa kipimo kilichojaa kupita kiasi, na mimi napunjwa kwa kipimo kisichojaa. Zile kilo za katikati zina mwenyewe, na mwenyewe si yule mama aliyekaa juani na fungu lake la nyanya. Yeye naye kanunua tenga kwa kukadiria, hajui lina kilo ngapi, ndiyo maana anajihami kwa kuficha mbovu chini. Namwelewa, ila naumia vile vile.

Dada mmoja wa mchele ameweka mizani yenye stika ya ukaguzi wa mwaka huu. Bei yake kwa kutazama tu iko juu kuliko ya wenzake, na wapitanjia wengi wanaishia kuuliza na kuondoka. Kilo mbili zake nilizimimina nyumbani kwenye chombo ninachokijua, nikazilinganisha na kisado cha jirani yake. Wa mizani ndiye rahisi. Siku hizi sinunui mchele kwingine, na kila mteja wangu anayelalamikia bei ya chakula namwelekeza kwake. Wauzaji wengine wakiona foleni iko kwa mwenye mizani, nao watanunua mizani.

Mawese nachukua kwa mzee anayeyaleta kutoka Simbo. Anakubali nifungue chupa, ninuse, nidondoshe tone kwenye kiganja na kulisugua. Mawese mazuri yana harufu tamu na hayakwaruzi koo.

Saa 11:30 jioni

Hapa ndipo siku yangu inaponoga. Naweka mawese kwenye sufuria, moto wa wastani. Yanaanza mekundu mazito, yanayeyuka, halafu harufu inabadilika, ule ukali wa mbichi unatoka. Nikiacha moto uwake sana rangi inapauka na ladha inakwenda nayo, kwa hiyo mkono hauko mbali na jiko. Kitunguu kinaingia, kinalainika bila kuungua. Nyanya nimezikata vipande vya duara, nusu napanga chini. Juu yake dagaa wabichi, tabaka moja wakitazama huku, jingine wakitazama kule, kisha nyanya zilizobaki, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, na ndimu nusu. Nafunika.

Kuanzia hapo mwiko hauingii. Dagaa mbichi ukimkoroga unapata rojo yenye macho. Nashika sufuria masikio yote mawili kwa kitambaa na kuitikisa, kushoto kulia, mchuzi upande wenyewe. Dakika kumi zinatosha, na nyanya za juu zinajilegeza na kushuka katikati ya samaki. Mtoto mdogo anasimama karibu na kuuliza kila mara kama vimeiva.

Ugali wa leo nimechanganya mahindi na muhogo, maana mkubwa hapendi ukivutika sana. Tunakula saa 12:30, jua bado lipo. Mama watoto anajaza kibakuli chake cha kazini kabla hajasahau, kisha anavaa viatu.

"Mawese ya mzee wa Simbo haya?"

"Ya kwake."

"Nichukulie lita tano, niwapelekee wenzangu wodini. Wananiuliza kila siku."

Saa 3 usiku

Watoto wamelala. Nimechambua maharage ya Kasulu kwenye ungo, nikatoa mawe na yaliyotobolewa, nimeyaloweka kwenye maji mengi ili kesho yasile mkaa. Limebaki gauni moja la Jumamosi, kupiga pindo tu. Nalimalizia hapa hapa mezani.