Kabla hujatuma M-Pesa kununua linki

Ukiwa na tovuti ya biashara hapa Kisumu, iwe ni ya hoteli Milimani au ya mashua za kukodi pale Dunga, ujumbe huu utakufikia tu: linki 500 kwa wiki moja, zote za "DA 50 kwenda juu", ukurasa wa kwanza wa Google uhakika. Linki ni maandishi kwenye tovuti ya mtu mwingine ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye yako, na Google huzitazama inapopanga nani awe juu. (Wengine huziita viungo. Viungo tuwaachie wapika pilau.)

Tuanze na hiyo DA, yaani Domain Authority. Si kipimo cha Google. Ni hesabu ya kampuni ya Moz, kama DR (Domain Rating) ilivyo ya kampuni ya Ahrefs, na zote mbili hukadiria nguvu ya domeni (anwani kuu ya tovuti, kama mfano.com) kwa kutazama linki zinazoielekea. Muuzaji wa linki za takataka anaweza kujielekezea takataka hizo hizo mpaka namba yake ipande. Kwa hiyo mwambie ataje tovuti zenyewe kabla hujatoa shilingi. Akizungusha maneno, achana naye.

Akizitaja, zikague moja moja. Andika site: kwenye Google, ukiifuatisha na jina la domeni bila kuacha nafasi. Tovuti yenye mamia ya makala isipoleta hata ukurasa mmoja, kuna uwezekano mkubwa Google imeshaitoa kwenye orodha yake. Kisha iingize web.archive.org uone zamani ilikuwa nini. Hapo ndipo siri hutoka: domeni ilikuwa ya kanisa au shule, ikaachwa bila kulipiwa, mtu akaiokota, na leo inachapisha makala za mikopo, kamari na magodoro. Tangu Machi 2024 sera za Google zinautaja mchezo huo kwa jina lake na kuuita spamu. Halafu fungua makala tatu zozote. Ukikuta kila moja imechomekwa linki ya biashara isiyohusiana kabisa na habari yenyewe, umefika gulioni, na majirani zako hapo ndio hao wa kamari.

Linki ikishawekwa, ifungue kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Inspect, utafute neno rel. Ukikuta rel="nofollow" au rel="sponsored", usitegemee ikupandishe. Alama ya kwanza ilianza 2005, ya pili ikaja 2019. Wengi hawajui kwamba Google haikatazi kulipia linki. Inachokataza ni kulipia linki isiyo na alama hizo ili ikuongezee cheo. Tangazo la mashua zako kwenye blogu inayosomwa na watalii, likiwa na sponsored, ni halali kabisa. Faida yake ihesabu kwa simu za wateja, si kwa cheo. Lakini kumlaza mwanablogu hotelini bure ili akuwekee linki isiyo na alama ni sawa na kumlipa.

Kinachowaumbua wanunuzi mapema ni maneno ya linki yenyewe. Mtu anayekutaja kwa hiari yake huandika jina la biashara, au anwani tupu, au "tovuti yao". Linki 40 zote zikisema "hoteli bora Kisumu", nazo zimetokea mwezi mmoja kwenye kurasa za Kirusi, hakuna haja ya mpelelezi.

Penguin, mfumo wa Google wa kupambana na linki za hila, ulipotoka tarehe 24 Aprili 2012, tovuti nyingi zilianguka. Tangu Septemba 2016 mtindo umebadilika: linki mbaya hupuuzwa tu, na tovuti nzima haishushwi. Unafuu huo una mtego. Kama ulikuwa umepandishwa na linki hizo, siku zikipuuzwa unashuka bila kupata taarifa yoyote. Mwenye tovuti anadhani linki zimepungua, anaongeza paketi nyingine.

Adhabu ya mkono, inayotolewa na mtu wa Google mwenyewe, bado ipo, na hiyo huja na taarifa ndani ya Search Console (chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti), sehemu ya Manual actions. Ikikupata, pakua orodha kutoka sehemu ya Links, waombe wenye tovuti waziondoe, na zilizobaki uzikatae kwa kupakia kwenye chombo cha Google cha kukataa linki (disavow) faili la .txt lenye mstari mmoja kwa kila domeni, namna hii:

domain:mfano.com

Kisha omba kukaguliwa upya, ukieleza ulichonunua na ulichoondoa. Jibu laweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Kama hujaadhibiwa na hukuwahi kununua, usiliguse faili hilo. Ni rahisi mno kukataa linki nzuri.

Pesa ya paketi ina kazi nyingine. Duka la vifaa vya ujenzi Nakuru liombe mtengenezaji wa rangi au mabati aliorodheshe kati ya wauzaji wake. Mwenye mashua Dunga aweke ukurasa mmoja wa kweli: bei kwa saa, idadi ya jaketi za kuokolea, na taarifa mpya kila magugu maji yanapofunga njia. Ukurasa wa namna hiyo mwandishi wa habari huutaja bila kuombwa.

Na kabla ya yote hayo, angalia linki ulizo nazo tayari. Tovuti ikitengenezwa upya, anwani za zamani hufa, na linki zilizokuwa zikielekea huko hufa nazo. Kwenye Search Console, zilinganishe kurasa zinazotajwa zaidi na wengine na zile zinazotoa 404 (ukurasa haupo). Kila iliyokufa ielekeze kwa 301 (elekezo la kudumu) kwenye ukurasa mpya wenye habari ileile. Usizimwage zote ukurasa wa mwanzo, maana Google huweza kuzihesabu kama 404 vilevile. Maelekezo hayo yaache mahali pake angalau mwaka 1.