Jinsi nilivyompata babu aliyefungwa "mwaka wa thelathini"

Wazee wetu wa Wete, Pemba, walisimulia kwamba babu mzaa babu alifungwa kisiwa cha Changuu katika mwaka wa thelathini kwa deni la karafuu, nami kwa kuiamini kauli hiyo nilipoteza siku tatu katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, nikipekua madaftari ya kesi za mwaka 1930 bila ya kuona hata herufi moja ya jina lake. Habari ya Changuu niliitupa mapema, kwani jela iliyojengwa kisiwani humo mwaka 1893 haikupata kutumika kama jela, bali pakawa karantini ya wasafiri.

Ufumbuzi ulitoka kwa mzee mmoja tuliyekaa meza moja, aliyeniuliza: "Mwanangu, wazee wako walihesabu kwa mwaka gani?" Nikafahamu papo hapo kwamba thelathini ile ni 1330 Hijria, ambayo karibu yote imo ndani ya 1912. Nilipofungua daftari la mwaka huo nikatafuta jina lake, Khatib, sikuona. Nikatafuta Hatibu, kama karani wa Kiingereza alivyoweza kulisikia, nikamkuta.

Kifungo chenyewe kiliandikwa kwa mstari mmoja tu. Lakini jalada la kesi lilitaja jina la baba yake, kijiji chake, na dada aliyemdhamini, ambaye katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumtaja. Wajukuu wa bibi huyo wako Konde, na Ijumaa iliyopita tulikula nao chakula cha mchana.